Tundu Moja, Kazi Tatu

Jumamosi moja nilikuwa Luanda, kaunti ya Vihiga, kwenye mazishi ya mwalimu mkuu mstaafu. Mimi hupiga video na kuhariri, na siku hizi hualikwa pia kuonyesha, kwa sababu familia nyingi huku magharibi hupenda maisha ya marehemu yapite kwenye skrini kubwa kabla ya ibada. Kijana wa skrini alininyoshea ncha ya kebo ya HDMI, ile ya kupeleka picha kwenye skrini, iliyozungushiwa selotepu nyeusi. Nikafungua laptopu yangu mpya, nyembamba kama daftari la shule: matundu mawili ya USB-C kushoto, moja la USB ya kawaida kulia. HDMI haina. Sikushtuka, kwani siku mbili kabla nilikuwa nimenunua adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI mjini Kisumu. Nikachomeka. Skrini nyeusi. Nikahamia tundu la pili. Nyeusi. Nikaizima laptopu nikaiwasha tena, huku emsii akiwaomba wajukuu waongeze wimbo mmoja, kisha mwingine.

Walipofika wimbo wa tatu nilisalimu amri. Nikahamishia video kwenye flashi na kuichomeka kwenye laptopu ya yule kijana: ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, nzito kama tofali, kona ya kioo imepasuka, lakini ina HDMI yake ubavuni. Picha ikatokea papo hapo. Kijana hakusema kitu. Alicheka kwa macho tu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Barabara ya Oginga Odinga, adapta mkononi, nimejiandaa kugombana. Muuzaji hakunijibu. Aliichukua adapta, akaichomeka kwenye simu yake, ncha ya pili akaitia kwenye runinga iliyokuwa ukutani. Uso wa simu ukajaa runinga nzima, ujumbe wake wa WhatsApp tukausoma sote tuliokuwa dukani.

"Mkubwa," akasema akiichomoa haraka, "adapta haina neno. Ni tundu lako halitoi picha."

Na alikuwa sahihi. Laptopu yangu haikuwa mbovu. Ilitengenezwa hivyo. Yale matundu mawili yanayofanana kama mapacha, moja hupokea chaji na kupitisha data, la pili hupitisha data pekee. Picha hakuna linaloitoa. Mahali pa kuliona hilo palikuwa kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ambayo sikuisoma, na nadhani hata wewe hukuisoma ya kwako.

Umbo si kazi

Mkorogo wote unaanzia kwenye jina. Tunaposema USB-C, au Taipu C kama inavyoitwa madukani, tunataja umbo la tundu. Hatujasema lolote kuhusu kinachopita ndani yake.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Aliyewahi kuchungulia nyuma ya kompyuta ya mezani ya ofisi miaka ya 1990 anakumbuka: tundu la mviringo la kibodi, pana lenye pini 25 la printa, la pini 9 la modemu au mashine ya vipimo, na lile la bluu la pini 15 la monita, VGA, ambalo IBM ilileta mwaka 1987. Lilikuwa soko la vurugu, lakini kila umbo lilijieleza. Kisichoingia hakikuwa chake. USB ilikuja mwaka 1996 kuunganisha mengi ya hayo, na ilishika hasa baada ya 1998, Apple ilipotoa iMac isiyo na matundu ya zamani wala mahali pa diski laini. Watu walilalamika wakati ule kwa maneno yale yale tunayolalamika nayo leo.

USB-C ilitolewa mwaka 2014. Ina pini 24, safu mbili za 12, na huingia upande wowote, kwa hiyo ule mchezo wa kuigeuza USB mara mbili gizani ukaisha. Lakini waliobuni umbo hilo waliamua liwe chombo cha mambo mengi, kisha wakawaachia watengenezaji uhuru wa kuchagua lipi watie ndani na lipi waache. Ni kama ploti ya vyumba vya kupanga kule Kondele, Kisumu. Milango yote imepakwa rangi moja. Chumba cha kwanza kina stima na maji, cha pili kina stima tu, cha tatu kina bomba lakini maji hayajawahi kufika. Ukisimama uani huwezi kujua, mpaka uingie.

Mambo yanayoweza kupita kwenye tundu hilo ni matatu: umeme, data na picha. Lenye yote matatu lipo, la mawili lipo, la moja pia lipo. Juu ya hayo kuna Thunderbolt, teknolojia ya Intel iliyoanza mwaka 2011 kwa umbo jingine kabisa, kisha mwaka 2015 toleo lake la tatu likahamia ndani ya umbo la USB-C likiwa na kasi ya gigabiti 40 kwa sekunde. Kwa nje hulitofautishi na tundu la kawaida, ila kwa alama ndogo ya radi yenye mshale.

Na hata tundu likiwa na yote, kebo nayo ina habari zake, na kifaa cha upande wa pili kina zake. Kati ya hao watatu, aliye dhaifu ndiye anayeamua.

Picha

Nianze na picha, kwa kuwa ndiyo inayowaaibisha watu hadharani.

Ndani ya USB-C kuna jozi nne za nyaya za kasi. Laptopu inayotoa picha huzikopesha jozi hizo, zote au mbili, kwa mfumo mwingine wa kusafirisha picha uitwao DisplayPort. Adapta ya HDMI hupokea DisplayPort hiyo na kuitafsiri. Kama chipu ya laptopu haikuunganishwa na tundu kwa namna hiyo, hakuna adapta duniani ya aina hii itakayotoa picha, hata ukiinunua kwa bei ya mbuzi. Ipo njia ya kuzunguka: adapta za DisplayLink, ambazo huibana picha na kuisafirisha kama data ya kawaida, zikisaidiwa na programu unayoisakinisha. Zinafaa kwa hati na jedwali. Kwa video nzito processa huhema.

Kebo ndiyo mtego wa pili. Ile nyeupe iliyokuja na simu, hata iwe nene na nzuri, kwa kawaida ina nyaya za umeme na zile mbili za data za USB 2.0 tu. Jozi za kasi hazimo. Ukiitumia kuunganisha laptopu na monita ya USB-C, monita itachaji laptopu vizuri na skrini itabaki nyeusi, nawe utaapa kwamba monita imekufa. Mtu mmoja ninayemfahamu Nakuru alirudisha monita mbili dukani kabla mtu hajamwazima kebo nyingine.

Mtego wa tatu ni mwelekeo. HDMI ni dijitali, VGA ni analogi. Kati yao lazima kuwe na chipu inayotafsiri, na chipu hiyo hutafsiri upande mmoja pekee. Kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA hakiwezi kurudi kinyume, ingawa ncha zote zinaingia bila shida. Wenye kumbi za mikutano wanavyo vingi vilivyonunuliwa kinyume. Utavikuta kwenye droo ya mapokezi, pamoja na rimoti zisizo na betri.

Mwezi Desemba 2010 kampuni kubwa, zikiwemo Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG, zilitangaza kwamba zingeachana na VGA ifikapo 2015. Tangazo halikufika kwenye dari za kumbi zetu. Projekta iliyofungwa juu mwaka 2012 bado inawaka, taa imebadilishwa, na kebo yake imezikwa ndani ya plasta ukutani. Hakuna meneja atakayevunja ukuta kwa sababu wewe umenunua laptopu nyembamba. Ndiyo maana shida hii huku kwetu ni pana kuliko kule ilikobuniwa: laptopu tunazipata mpya au ex-UK za miaka michache tu, lakini vifaa vya kuunganisha nazo hukaa miaka 15. Wabunifu walidhani vyote vitazeeka pamoja.

Ukilazimika kwenda kwenye VGA, nunua adapta moja ya kutoka USB-C moja kwa moja. Kuunganisha ya USB-C kwenda HDMI na ya HDMI kwenda VGA, moja nyuma ya nyingine, hufanya kazi nyumbani na kugoma ukumbini, mara nyingi kwa sababu ya pili haipati umeme wa kutosha. Na ukumbuke VGA haibebi sauti hata chembe.

Umeme

Hapa USB-C imefanya jambo jema, na ni haki kulisema. Kabla yake, dukani ulilazimika kutaja chaja kama unavyotaja spea ya gari: HP ya pini ya bluu au ya pini kubwa, Lenovo ya mstatili, Dell ya pini nyembamba. Dell waliongeza hata sindano katikati ya pini inayoitambulisha chaja kwa laptopu; ikivunjika sindano hiyo, umeme unaingia lakini betri haichajiwi, na laptopu hujikokota. Mafundi wengi wamebadilisha betri nzima zisizo na kosa kwa sababu ya kitu chenye unene wa uzi.

Chaja ya USB-C haimwagi umeme. Inaanza na volti 5, kisha chaja na laptopu huzungumza kupitia waya mwembamba uliotengwa kwa kazi hiyo. Chaja husema naweza volti 5, 9, 15 au 20, na ampea kadha wa kadha. Laptopu huchagua. Ya wati 65, ambayo ndiyo ya kawaida kwa laptopu za ofisi, ni volti 20 kwa ampea 3.25. Kebo nayo hushiriki mazungumzo: isiyo na chipu ndani hairuhusiwi kubeba zaidi ya ampea 3, maana yake wati 60. Kwa hiyo unaweza kununua chaja ya wati 100, ukatumia kebo ya simu, ukapata 60, na huku ukimlaumu muuzaji wa chaja. Mwaka 2021 kiwango cha juu kilipandishwa kutoka wati 100 hadi 240, lakini hiyo yataka kebo mpya, chaja mpya na laptopu inayoielewa.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na chaja ya simu ya kuazima haiendeshi laptopu. Chaja nyingi za simu huishia volti 9, ilhali laptopu kadhaa hazikubali chini ya 15 au 20. Nyingine hukubali, lakini ukiwa unahariri video betri inashuka huku alama ya chaji ikiwaka. Si uongo wa alama: umeme unaingia, ila unaotoka ni mwingi zaidi.

Kuhusu kebo za bei ya kutupa, kuna hadithi ya kweli. Benson Leung, mhandisi wa Google, alianza mwaka 2015 kununua kebo za USB-C mtandaoni na kuzipima moja baada ya nyingine. Nyingi za zile zenye USB ya zamani upande mmoja zilikuwa na rezista isiyo sahihi: badala ya kilo-ohm 56 zilitiwa 10, hivyo simu ikaamini inaweza kuvuta ampea 3 kutoka kwenye tundu lisiloweza kuzitoa. Februari 2016 kebo moja iliyofungwa nyaya kinyume iliua laptopu yake ya kupimia. Mwezi uliofuata Amazon ilipiga marufuku kebo zisizofuata kanuni. Zilizopigwa marufuku kule hazikuyeyuka, na mimi sioni sababu ya kudhani kwamba hakuna zilizotua huku. Kebo ya laptopu siinunui tena stendi ya matatu.

Umoja wa Ulaya umelifanya umbo hili kuwa sheria: simu, tableti na vifaa vingine tangu 28 Desemba 2024, na laptopu zikapewa hadi 28 Aprili 2026. Watengenezaji hawatatengeneza laptopu moja ya Ulaya na nyingine ya Kenya, kwa hiyo mkondo huo utatufikia. Lakini sheria hiyo inahusu kuchaji. Haimlazimishi mtu kutoa picha kwenye tundu hilo.

Data, na majina yanayotia kizunguzungu

Hapa sitakaa sana, ila majina yanahitaji kuambiwa ukweli. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008, gigabiti 5 kwa sekunde. Mwaka 2013 ikabatizwa upya USB 3.1 Gen 1. Mwaka 2017 ikawa USB 3.2 Gen 1. Ni ile ile, kasi ile ile, imevaa koti la tatu. Kwa hiyo sanduku linalojigamba kwa "USB 3.2" linaweza kuwa limebeba kitu cha mwaka 2008. Wenye viwango wenyewe waliona aibu baadaye, wakashauri kasi iandikwe kwa tarakimu: 5, 10, 20, 40. Hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye pakiti. Namba ya toleo ipuuze.

Kwa kazi yangu tofauti hii ina saa ndani yake. Harusi moja hunipa kama gigabaiti 128. Nikiihamisha kwenye SSD ya nje, ile diski isiyozunguka, kwa kebo ya USB 2.0, ambayo kwa vitendo hupitisha takriban megabaiti 40 kwa sekunde, ni dakika 53. Kwa kebo ya gigabiti 5, kama kadi na SSD zinamudu megabaiti 400 kwa sekunde, ni dakika 5 na kidogo. Kebo zote mbili ni USB-C kwa USB-C, nyeusi, mita moja. Usiku mmoja nilisubiri dakika zile 53 nikidhani SSD imeanza kuharibika.

Wale ambao mashine yao ni ya zamani kuliko laptopu

Rafiki yangu ni mpima ardhi Kakamega. Mashine yake ya kupimia hutema data kupitia tundu la pini 9 la kizamani, liitwalo RS-232. Mashine ni nzima, imesawazishwa, na bei ya mpya ni ya kununua gari. Laptopu nyingi za leo hazina tundu hilo, kwa hiyo ana kigeuzi cha kwenda USB, na kwa sababu laptopu yake ina USB-C pekee, ana kingine cha kwenda USB-C. Hapa umbo si tatizo tena. Tatizo ni chipu ndani ya kigeuzi. Chipu maarufu za kazi hii, za FTDI na Prolific, huigizwa sana, na kampuni zenyewe zimepigana na waigizaji kupitia programu endeshi (driver), ile inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na chipu: Oktoba 2014 programu ya FTDI iliyosambazwa na Windows ilizifuta chipu bandia namba zake za utambulisho, zikafa kama zimepigwa na radi. Mwenye kigeuzi hakujua kama ni bandia. Alijua tu kwamba jana kilifanya kazi. Rafiki yangu ametunza laptopu moja kuukuu kabatini ambayo haijawahi kuunganishwa na intaneti, ya kupakulia vipimo tu, na sidhani kama anakosea.

Wahasibu wenye ufunguo wa leseni wa USB, mafundi wa mitandao wanaohitaji tundu la kebo ya intaneti, nao wamo kwenye msafara huu. Kwao adapta rahisi inatosha. Aangalie tu fundi wa mtandao asiuziwe ile inayoishia megabiti 100.

Walioondoa na waliorudisha

Watu hupenda kumtupia Apple lawama zote. Sehemu fulani inamstahili. Mwaka 2015 alitoa MacBook yenye tundu moja tu la USB-C, na la vipokea sauti. Oktoba 2016 akaondoa HDMI, mahali pa kadi ya SD na chaja ya sumaku kwenye MacBook Pro, kompyuta ya watu wa kamera, akabakiza USB-C. Tulibeba adapta miaka mitano. Oktoba 2021 vyote vitatu vikarudi, kwa shangwe ya uzinduzi, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeviondoa.

Lakini kuna jambo dogo la Mac linalowakwaza wengi zaidi na halisemwi sana. MacBook Air ya chipu ya M1, ya mwaka 2020, hukubali monita moja tu ya nje. Ukinunua kisanduku cha matundu chenye HDMI mbili, monita zote mbili zitaonyesha picha moja, wakati mwenzako wa Windows, kwa kisanduku hicho hicho, anapata picha mbili tofauti. macOS, mfumo unaoendesha Mac, haikubali ule mtindo wa kugawa mkondo mmoja wa DisplayPort kwa skrini mbalimbali. Hakuna mipangilio ya kubadilisha. Ni DisplayLink, au uvumilie.

Kisanduku chenye matundu

Kwa hiyo sote tumeishia kubeba habu, kile kisanduku chenye mkia mmoja wa USB-C na matundu mengi mbavuni. Ni msaada, lakini ni msaada wa kugawana kidogo kilichopo. Zile jozi nne za kasi nilizozitaja hugawanywa: mbili picha, mbili data. Kwa DisplayPort 1.2 jozi mbili hazitoshi monita ya 4K kwa picha 60 kila sekunde, ndiyo maana habu nyingi huishia 30, na kishale cha mausi huburuta kama kinatembea matopeni. Umeme nao hugawanywa. Chaja ya wati 65 ikipitia kwenye habu, yenyewe hujiwekea akiba ya wati 10 au 15 kwanza, laptopu ikapata masazo. Ukichomeka diski ya nje ya kuzunguka bila chaja, diski hutoka na kurudi yenyewe, na kila inapotoka katikati ya kunakili ni bahati nasibu.

La ajabu zaidi ni mausi. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo kwamba USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahetsi 2.4, yale yale ya mausi isiyo na waya na ya Wi-Fi ya kawaida. Ukiweka kipokezi cha mausi kwenye habu kando ya SSD, mausi huruka-ruka wakati wa kunakili faili na kutulia ikimalizika. Nilibadilisha betri za mausi mara tatu kabla ya kujua. Dawa ni kukihamisha kile kipokezi hadi tundu la upande wa pili wa laptopu.

Ukienda kununua

Angalia ubavuni mwa laptopu kabla ya kuangalia bei. Radi yenye mshale nchani ni Thunderbolt: umeme, data na picha. Radi isiyo na mshale mara nyingi ina maana kwamba tundu litachaji simu hata laptopu ikiwa imezimwa, basi, wengi huichanganya. Alama ya D iliyobeba P ni picha. Kijibetri au plagi ni kuchaji. Kama hakuna alama, na mara nyingi hakuna, geuza laptopu usome namba kamili ya modeli, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome mstari wa matundu. Modeli zenye jina moja hutofautiana kwa herufi ya mwisho, na herufi hiyo ndiyo picha yako.

Kwa ex-UK mimi siamini hata karatasi. Naenda na adapta ya HDMI, chaja ya wati 65, kebo ninayoijua na flashi, nachomeka kila kimoja kwenye kila tundu, muuzaji akiwa amesimama hapo. Tundu lililolegea kwa kuchomwa kila siku miaka minne huonekana kwa kuitikisa kebo taratibu: chaji ikikatika, achana nayo, au ushushe bei kwa kiasi cha kubadilisha tundu.

Kebo zangu nimezipaka rangi ya kucha, chupa niliyomwomba dada yangu. Nyekundu inapitisha picha. Waridi ni ya kasi lakini haijathibitishwa kwa picha. Zisizo na rangi ni za kuchaji tu. Wiki iliyopita nilipata kazi ya siku mbili Nakuru, nikamwandikia meneja wa ukumbi kumuuliza projekta yao inatumia tundu gani. Alijibu baada ya saa moja: "Ile ya bluu." Nikatia adapta ya VGA mfukoni, na spika ndogo.